Saa Iliyoanza Siku Magharibi

Asubuhi niliyoanza kazi, Msimamizi wa Karakana hakuniuliza cheti wala jina; aliuliza nilikotoka tu. Alinyoosha kidole kwenye meza yake, akasema, "Weka mikono hapo, Zanzibar. Ikitetemeka, mlango unaujua." Haikutetemeka. Tangu siku hiyo mpaka nilipostaafu, katika karakana ile ya saa, mashariki ya London, nilikuwa Zanzibar; jina langu, Salim, lilibaki kwenye bahasha ya mshahara. Niliondoka Unguja baada ya Mapinduzi, na sababu zake nimewaeleza wanaostahili kuzijua. Hapa naandika habari za kazi, tena yale tu niliyoyaona kwa macho yangu.

Meza yangu ya kwanza ilikuwa ya kamani, yaani ule utepe wa chuma unaojikunja mtu anapoitia saa ufunguo, nao ndio unaoipa nguvu ya kwenda. Nilihamishiwa meza ya magurudumu ya meno. Kisha, baada ya masomo ya jioni ya uchoraji wa mitambo, nikapandishwa ghorofani kwa Msanifu Mkuu, mtu mpole wa sauti na mchoyo wa sifa. Wakati huo saa za betri za bei nafuu zilikuwa zimeanza kutuua. Mkurugenzi alitukusanya akasema, "Saa ya kuonyesha saa tu hainunuliwi tena kwetu. Nipeni kitu kitakachomfanya mtu amshike mwenzake mkono akitazame."

Tukasanifu vituko vya kila namna. Saa mojawapo dakika zake zilipanda kama zebaki kwenye kipimajoto; nyingine haikuwa na akrabu, ile mishale ya kuonyesha wakati, bali tundu moja lililozunguka juu ya tarakimu. Sikuzidharau. Kuuficha wakati ni rahisi. Kuuonyesha kwa njia mpya, na mtu akausoma bila kufundishwa, ndiyo kazi.

Yangu niliifikiria kwa miaka. Nyumbani tulivaa saa za Kizungu tukazisoma kinyume: akrabu fupi ikisimama kwenye saba, sisi twasema saa moja. Na siku yetu huingia jua linapokuchwa, si usiku wa manane. Nikasanifu saa yenye sahani mbili nyembamba, moja nyeupe, moja ya buluu iliyokoza. Sahani ya usiku ilipanda polepole kuifunika ya mchana, saa ya Kiswahili ikisomeka ukingoni mwake, na ilipotimia magharibi tarehe iligeuka. Gurudumu la tarehe lilihitaji jino refu kuliko mengine ili ligeuke kwa mkupuo mmoja. Nililikata na kulikata upya kabla halijakubali.

Meneja wa Mauzo aliitazama, mbele ya Mkurugenzi, jioni moja ya kiangazi, wakati jua la London huchelewa kuchwa.

"Imeharibika," alisema. "Inasema usiku umeingia, na jua lile pale dirishani."

"Imefuata jua la Unguja, bwana, ambalo halibadiliki sana mwaka mzima. La kwenu ndilo linalotangatanga."

Mkurugenzi alicheka mpaka akakohoa, akaipitisha.

Kisha ikatakiwa hadithi ya kuiuzia. Meneja wa Mauzo aliniletea karatasi ya kuwekwa ndani ya kisanduku. Ilidai kwamba wazee wa Zanzibar hupiga ngoma kila magharibi kulilaza jua, na kwamba mimi ni mjukuu wa mpiga ngoma wa mwisho.

"Nani kawaambia haya?" niliuliza.

"Watu wanasema."

"Watu gani? Nitajie mmoja."

"Usiwe mgumu, Zanzibar. Nani atakwenda huko kuhakikisha?"

Desturi ya karakana ilikuwa kuchonga jina la msanifu kwenye mfuniko wa nyuma wa saa. Mkurugenzi akaweka sharti: nikitia saini kwamba hadithi ni ya kwetu, jina langu litachongwa; nikikataa, saa itatoka kwa jina la Msanifu Mkuu.

Mchongaji wetu alikuwa Jayanti, Mhindi mzaliwa wa Mombasa aliyekaa Kenton, upande wa pili wa London. Tulikula pamoja kila mchana, na ni yeye peke yake aliyeniita kwa jina langu.

"Tia saini, bwana Salim! Ngoma itakudhuru nini?"

"Babu yangu alikuwa karani wa forodha, Jayanti. Hakuwahi kupiga hata meza."

"Basi mpe ngoma apige. Kafa, hatalalamika. Wewe na ukweli wako mtakufa njaa mmeshikana mikono!"

Sikutia saini. Jayanti ndiye aliyechonga jina la Msanifu Mkuu, na kwa muda wote wa kazi ile alikula peke yake. Saa ikauzwa, na ngoma yake. Msanifu Mkuu akapewa tuzo, na tulipokutana ngazini alinipa mkono: "Tumefanya kazi nzuri, Zanzibar." Nilikuwa na watoto shuleni, kwa hiyo nilibaki. Nilisanifu nyingine mpaka nilipostaafu, zote zikachongwa jina langu. Hakuna anayezikumbuka.

Vijana huniuliza kama leo ningetia saini. Nisingetia. Lakini asiwadanganye mtu kwamba kukataa kulinipa raha.

Juzijuzi nilialikwa harusi Stratford, huku huku mashariki ya London. Kijana wa kwetu, mhasibu, mzaliwa wa huku, alishika kipaza sauti akainua mkono: alikuwa ameivaa saa ile, kainunua kwa muuza vitu vya kale. Akawasimulia wageni, kwa Kiingereza, habari za ngoma ya kulilaza jua, urithi wa babu zetu. Ukumbi ukapiga makofi. Mzee mmoja wa rika langu, mezani petu, akasema anaikumbuka ngoma hiyo tangu utotoni.

Nikasimama. Nikasema ngoma hiyo haikuwapo, na kwamba saa ile nimeisanifu mimi.

Kijana hakuwa na ubaya. Aliivua, akaigeuza chini ya taa, akasoma mfuniko. "Samahani, babu," alisema, sasa kwa Kiswahili chake cha kusitasita, "lakini hapa jina ni la Mzungu. Una ushahidi?"

Jayanti, ambaye angenishuhudia, alikwishafariki.

"Sina," nilimjibu.

Mama wa bibi harusi akanivuta kanzu. "Kaa, mzee Salim, pilau inapoa." Nikakaa. Yule mzee mwenzangu alikuwa ameshaanza kuwaonyesha wageni, kwa vidole juu ya meza, jinsi ngoma ile ilivyopigwa.