Bwana Muhuri na Basi la Mlimani

"Hivi huyo shemeji yako amewahi kupanda basi hata siku moja?" Jirani aliniuliza hivyo tukianika nguo. Nilimwambia sijui, ingawa nilijua vizuri. Hajawahi.

Shemeji, mume wa dada yangu, alikuwa ofisa wa leseni za mabasi. Tulimwita Bwana Muhuri, maana hata akimaliza kula aligonga meza kwa ngumi, kana kwamba ameidhinisha chakula. Gari la serikali lilimchukua mlangoni na kumrudisha mlangoni. Mungu anisamehe, mabasi aliyajua kama mimi ninavyozijua ndege: kwa kuzisikia zikipita.

Basi la mlimani kwetu liliishi kwa ruzuku. Bila hela ya serikali, nani achoshe injini yake kwenye mwinuko ule? Siku moja Bwana Muhuri akaja kukagua kama ruzuku ina faida. Akaegesha mbele ya bango la kituo, akapandisha vioo, akangoja. Sasa, bango lile walilichimbia dimbwini, hasimami mtu pale. Sote tulingojea kwenye kibaraza cha fundi viatu, ng'ambo ya barabara. Nilimpungia mkono, naye akanipungia. Basi likaja, tukajaa, tukaondoka. Yeye akaandika kwamba kituo hakina abiria.

"Shemeji, si ulituona?" nilimuuliza baadaye.

"Niliwaona kibarazani. Kibaraza si kituo."

"Na kupanda je, si tulipanda?"

"Mlipanda pasipostahili. Shukuruni sikuwashtaki."

Ruzuku ikakatwa, leseni ya njia ikafutwa, basi likawa linaishia sokoni, chini kabisa. Wazee na wajawazito wakateremka kwa miguu. Yeye alitupita na vioo vyake.

Kisha akastaafu, na gari likarudi ofisini siku ileile. Dada yangu, maskini, miguu imemvimba, anatakiwa kliniki kila wiki, na mlima ule hauwezi.

Basi juzi Bwana Muhuri akatukuta kibarazani, tunajipanga kwenda kuomba njia yetu irudishwe. Nikamwambia kwa upole aje nasi, ofisini wanamfahamu. Akapangusa kiti, hakukaa. Akanivuta kando.

"Shemeji," alisema, "mwambie yule dereva wa basi apande mpaka kwangu, amchukue dada yako. Ila wengine asiwapakie, isije ikaonekana nilikosea."