Ukingoni mwa Thuci Haitwi Mtu

Mukwa wa mama yangu unaning'inia kwenye msumari, nyuma ya mlango wa duka langu hapa Siakago. Ni mkanda wa ngozi wa kubebea mzigo, ule ambao wanawake wetu waliupitisha kwenye paji la uso na mzigo ukalala mgongoni. Mvua ikinyesha ngozi hiyo hulegea na kutoa harufu ya jasho la zamani, moshi na utomvu wa ndizi. Wateja hudhani ni kamba ya ng'ombe. Siwaambii.

Juzi ilinyesha, harufu ikajaa dukani, na wakati huohuo mjukuu wangu Muthoni, anayesoma ng'ambo, akanitumia picha kwa simu. Nyuma yake ni bahari ya Mediterania, na njia nyembamba imepita juu ya jabali. Watu wamevaa kofia, wameshika fimbo, wanacheka. Nikampigia.

"Hao wamebeba nini?"

"Maji tu, Cucu."

"Na wanaenda kwa nani?"

"Hawaendi kwa mtu. Wanatembea, wanaangalia bahari, halafu wanarudi."

"Wakirudi mikono mitupu hivyo, nyumbani kunapikwa nini?"

Alicheka sana. Mimi sikucheka. Kwenye ile picha mtu wa mbele alikuwa amegeuka kumwangalia mwenzake.

Shule niliiacha darasa la tatu, na duka hili nimelijenga kwa mikono yangu, kwa hivyo sitawapambia maneno. Sisi pia tulikuwa na njia yetu ya jabalini. Ilipita juu ya mto Thuci, imechongwa na miguu ya watu tu, ikitutoa huku kwetu kukavu hadi upande wa Meru wenye migomba. Mwaka ninaousimulia nilikuwa bado mtoto; bendera yetu ilikuwa imeshapanda, na wakubwa walikuja kutuhutubia habari za uhuru, lakini jua la huku kwetu Mbeere halikuwa limeambiwa. Baba alikuwa amekufa. Ndugu yangu Njeru, bado mchanga, aliachwa na nyanya, na unga wa uji ulikuwa umekwisha. Mama akanichukua twende kwa mjomba wake tukaombe chakula.

Njia hiyo ilikuwa na sheria yake. Kabla ya kuingia, unapiga ukelele mmoja na kungoja, ili anayetoka upande wa pili akupishe. Ukishaingia, humwiti mtu, wala ukiitwa huitikii. Si uchawi. Anayeitwa hugeuka, na mzigo wake hugeuka naye, ukagonga mwamba na kumsukuma kule kusikokuwa na kitu. Mama alinishika sikio akaniambia, "Ukiingia hapa huna mama. Ukitoka, unaye. Umesikia?"

Nikasema nimesikia. Tulipokuwa tukienda ilikuwa raha tupu. Hatukuwa na mizigo. Mwamba ulinuka mkojo wa pimbi na majani yaliyochomwa na jua, na chini yetu nilimwona tai akiruka. Nilimwona mgongo! Nilijiona mkubwa sana.

Mjomba alitupa mkungu wa ndizi. Mama akausimamisha mgongoni, kama wafanyavyo wanaopita jabalini. Lakini tukiaga, mke wa mjomba akaja mbio na mkungu wa pili. Ungekataaje chakula, na mtoto nyumbani analamba sufuria? Ikabidi mikungu yote ifungwe pamoja, ikingame mgongoni. Mama aliutazama mzigo huo, akashukuru, akainama akauinua. Mimi nilibeba marando ya viazi vitamu, ya kupanda mvua ikirudi.

Katikati ya njia jiwe lilitoka chini ya mguu wangu. Nililisikia likigonga, likagonga tena, kisha sikulisikia. Hapo nikatazama chini, na miguu ikakataa. Nilijibana kwenye mwamba. Mama alikuwa mbele, mzigo umekwaruza jabali upande mmoja, na upande wa pili ndizi zimening'inia hewani.

Nikaita. "Mama!"

Alisimama. Hakugeuka.

Niliita tena, nikilia sasa, kwa sauti iliyorudi kutoka ng'ambo ya mto. Mama hakujibu. Akainua mguu mmoja, akaendelea, pole pole. Nawaambia ukweli, sijawahi kumchukia mtu kama nilivyouchukia mgongo ule.

Kisha akaanza kuongea, si na mimi. Aliongea na hewa iliyokuwa mbele yake.

"Kuna watu wamebeba marando, wanajiita wakubwa. Mimi nikifika pale kwenye mkuyu nitakula ndizi iliyoiva, peke yangu. Nyani nao wamekuwa wakiuliza kama kuna mtoto wa bure. Nitawaambia wasimchukue huyo, anakula sana."

Hasira ilinipanda hadi machoni. Mimi, nipewe nyani! Nikatoa mguu mmoja kwenye mwamba ili nimfikie nimwambie. Halafu mwingine. Aliendelea kuwatukana hao watu wasiojulikana mpaka nikasikia majani makavu ya mkuyu chini ya nyayo zangu.

Mama alikuwa ameketi na mzigo wake bado mgongoni. Alijaribu kuvua mukwa kichwani, vidole vikamshinda. Mdomo wake wa chini ulikuwa unatoka damu. Nilidhani ni ukavu wa kiangazi.

"Uliniacha," nikamwambia.

"Kula ndizi," akasema.

Nikala, nimempa mgongo.

Nimelea watoto wangu, nimewaona wakienda mahali ambapo mkono wangu haufiki, ndipo nikaelewa ule mdomo. Aliuuma mwenyewe. Kila mfupa wake ulitaka kugeuka. Angegeuka, Njeru angekua bila mama, na mimi nisingekuwa hapa nikiuza unga na kujisifu.

Alipozeeka na kuugua, tulimzunguka hospitalini, mchana, madirisha yamefunguliwa. Pumzi ilikuwa inakatika. Akina mama wa kanisa wakaanza kumwita kwa jina lake, "Ciarunji! Ciarunji!" na Njeru naye, mtu mzima mwenye mvi, akamshika bega: "Mama! Rudi, Mama!" Nikaona kichwa chake kinahangaika kwenye mto, kinataka kugeuka.

"Nyamazeni," nikasema. "Msimwite."

"Wewe huna moyo?" Njeru akaniuliza.

Nilisogea karibu na kitanda, nikatazama dirishani, nikaongea na hewa.

"Kuna mtu hapa ametangulia na mzigo mkubwa. Aende pole pole. Sisi tuliobeba marando tuko nyuma yake, tunakuja."

Kichwa kikatulia. Hakugeuka.