Miwani Haikuwapo Zama Hizo

Kila harusi ninayokwenda hapa Ibra naulizwa habari ya joho. Basi naiandika, mpate kula wali wenu kwa amani na mimi nile wangu.

Mjukuu wangu alitakiwa ashone joho la kale mbele ya wageni, ngomeni Nizwa, kwa vyombo vya zama hizo tu. Lisipokwisha siku ile, nafasi yake hapo ngomeni anapewa mwengine. Tukazunguka sokoni, na kila alichookota nilikikataa.

"Mkasi una skrubu huo, rejesha! Tafuta wa chuma kimoja kilichokunjwa, kama wa kukatia manyoya ya kondoo."

"Na kastabini hii ya kukinga kidole, Bibi?"

"Ya plastiki? Wallahi, utawachekesha maiti."

Mwisho tukavipata, na sindano ya shaba nene kama msumari. Ngomeni nikakaa nimsaidie kushona mkono wa joho, huku nawatangazia wageni kuwa hapa hamna kitu cha leo hata kimoja.

Mjukuu akaninong'oneza: "Bibi, na miwani?"

Watu wote wakanitazama pua. Nikaivua, nikashona kwa kupapasa, mbio mbio.

Joho likaisha kwa wakati. "Simama, Bibi, walione."

Nikasimama, na joho likasimama nami. Mkono wake nilikuwa nimeushonea kwenye gauni langu la Idi.

Walijaribu kufumua wakashindwa, maana nashona imara hata nisipoona. Msimamizi wa ngome akasema joho halikatwi. Likakatwa gauni.