Nyama Isiyo na Ng'ombe

Ijulikane kwa watu wote wa Uvira, walio wima na waliolala: Gédéon, mfufuaji wa simu zilizotumbukia chooni, ametengeneza nyama ya mwili bila mnyama, na Jumamosi hii anapanda milima ya Rurambo kuomba mke!

Nyama yenyewe ilikuwa gelatini ya mwani. Gédéon aliaga chuo kabla chuo hakijamuaga yeye, na ukimwita injinia hucheka: "Nusu tu. Nusu ingine ilibaki mu chuo." Kwenye video alikuwa ameona wataalamu wakimwiga yule samaki wa ziwani anayewapiga wavuvi shoti. Unapanga vipande laini, hiki cha chumvi kali, hiki cha kuchuja, hiki cha maji matupu; vikigusana, chumvi inahama na kuzaa umeme mpole ambao chembe hai za mwili huupokea bila kuungua. Wataalamu wanataka kutibu nao mioyo. Gédéon alitaka tu mzee Frédéric, baba yake Noella, binti anayekwenda kumposa, asimdharau.

Akavipanga kwenye beseni, akavitenga kwa plastiki, akafunika kwa kitenge ili vumbi la njiani lisiingie. Hapo ndipo alipojimaliza. Beseni lililofunikwa likifika kwa wakwe, linakwenda jikoni moja kwa moja. Na muoaji hasemi, anasemewa.

Kule Rurambo, Bernardine, shangazi yake Noella, alilipokea kwa vigelegele. Gédéon akavuta koti la Sévère, baba yake mdogo na msemaji wao, aseme kwamba si chakula.

"Tulia, weye! Mukwe hafungui kinywa," Sévère akanong'ona.

Beseni lilirudi likiwa sahani. Shangazi alikuwa ameondoa plastiki, akabana vipande pamoja vizuri kama keki. Haiui mtu, Gédéon alijifariji. Ni gelatini na chumvi. Inaua ndoa tu.

Frédéric alitia kipande ulimini. Macho yakamtoka.

"Yoo! Hii kitu iko inanipiga! Ni nyama ya nini?"

"Mutoto wetu aliitengeneza," Sévère akajivuna, bila kujua anachojivunia. "Bila ng'ombe."

"Bila ng'ombe?" Mzee aliyezeekea nyuma ya mikia ya ng'ombe hakujua kama ametukanwa. Ili ajue, akachukua kingine. Wazee wenzake wakafuata, kila mmoja akiruka, akishika shavu, akicheka, akirudisha mkono sahanini.

"Mujinga weye, umemeza bila kungojea ikupige!" mmoja akamcheka mwenzake.

"Basi nipe ingine!"

Frédéric akajifuta midomo, akamgeukia Gédéon.

"Minye niliambiwa weye ni fundi wa matelefone, nikasema binti yangu amepotea. Kumbe uko na akili! Sasa sikia, mukwe. Jirani yangu wa hapa pembeni haamini kitu, na kesho atasema ninadanganya. Namuita sasa hivi. Umupige mu ulimi vile ulinipiga. Akiruka tu, Noella ni wako. Sema, nimekupa ruhusa."

Sévère akamsukuma kwa kiwiko. Gédéon akatazama sahani, akatazama wazee wakilamba vidole.

"Imeisha, papa. Mumekula yote."