Taulo ya Bwana wa Jumba

Mshona mavazi wa ukumbi wa maigizo husoma riwaya yake saa sita mchana, wenzake wakila, taulo nyeupe ikiwa mapajani. Kidole chenye makovu ya sindano hufuata mistari, lakini midomo huyatangulia macho, maana hadithi hiyo ya jumba la giza anaijua kwa masikio. Miaka kumi na mmoja aliisikiliza nyuma ya pazia, mumewe akiigiza bwana wa jumba. Kila Jumamosi mumewe alichomwa kisu, akaanguka, watu wakapiga mayowe. Kisha taa zikawaka, akainuka, akainama kushukuru makofi, akaja kwake kufutwa jasho. Huu ni mwezi wa pili tangu wamzike.

Leo alifika pale kisu kinapochomolewa. Akakunjua taulo, akasoma mpaka neno la mwisho, akafunua. Ukurasa uliofuata ulikuwa mtupu. Akaupapasa kama mtu anayetafuta upenyo wa pazia, kisha akapapasa jalada.

“Mama, kitabu si kimeisha hicho?” bawabu akamuuliza kwa upole.

“Kimeisha vipi, baba, na mwenyewe hajainuka?”