Kadi za Wagonjwa wa Langas

Jelagat alikuwa karani wa mapokezi katika zahanati ndogo mtaani Langas, Eldoret. Ndiye aliyewaandikia wagonjwa kadi: jina, ploti wanayoishi na ugonjwa. Mtu akiinama dirishani kunong'ona shida yake, Jelagat aliandika bila kuinua uso, mgonjwa asije akaona haya. Watu walimpendea hilo.

Matokeo ya uchaguzi wa 2007 yalipotangazwa, majirani waligeukiana kikabila, na moshi ukaanza kupanda mtaa baada ya mtaa. Asubuhi moja mlango wa zahanati ulipigwa teke, bawaba zikang'oka. Wakaingia vijana wenye panga na mishale. Mbele yao alikuwa Dennis, mtoto wa shangazi yake, aliyelelewa naye boma moja kule Cheptiret.

"Toa kadi, dada," Dennis akasema. "Tunataka kujua wale watu wa kabila lile wanaishi wapi. Na wewe hatuna shida."

"Hizo ni siri za wagonjwa, Dennis. Sitoi."

"Siri gani saa hii?"

Daktari Oketch, mwenye zahanati, alitoka chumba cha ndani akiwa ameinua mikono. Rungu lilimpata sikioni kabla hajasema neno, akaanguka juu ya mizani ya watoto. Jelagat alijibandika kwenye kabati la kadi. Mmoja wao akamkata panga mkononi. Dennis hakumkataza, aliangalia kando. Walivunja kabati kwa shoka, wakang'oa droo ya juu na kutoka nayo mbio wakiimba.

Jelagat alijua watarudi kuchukua zilizobaki. Alijifunga bandeji, akamwaga spiriti ya vidonda kabatini na kuwasha kiberiti.

"Jelagat!" Oketch akaguna kutoka sakafuni. "Hayo ni matibabu ya watu! Tutajuaje nani anatumia dawa gani?"

"Wakiwa hai watatuambia, daktari."

Kisha akamburuta daktari nje kwa mlango wa nyuma, akakimbilia mtaani. Wengi wa waliokuwa kwenye ile droo aliwajua kwa sura na kwa nyumba. Wa kwanza alikuwa Wamucii, muuza mboga, aliyemkuta akianua nguo.

"Mama, toka sasa hivi. Wako na jina lako na ploti yako."

"Wametoa wapi?"

"Kwetu. Mimi ndiye niliandika."

Wamucii aliutazama ule mkono unaovuja damu. Akamtia mjukuu wake mgongoni, akaondoka kuelekea kituo cha polisi.

Jelagat alibisha milango mingine, na wengine wakapona hivyo. Kwa Wanjohi, fundi wa cherehani, alichelewa. Alipofika, Dennis alikuwa amesimama mbele ya nyumba akisoma kadi kwa sauti ya kumfikia kila mtu kwenye ploti: jina, nyumba, kisha virusi vya Ukimwi na dawa ambazo Wanjohi alikuwa amezificha hata kwa mkewe. Vijana wakaangua kicheko. Wanjohi alikuwa amepiga magoti. Kichwa alikiacha wazi. Mikono yote miwili alijifunika nayo uso. Hivyo ndivyo panga zilivyomkuta. Mkewe, Ciru, alikuwa ameshikiliwa ukutani, akaona yote, akasikia yote.

Vijana walipomwachia ili wakimbilie cherehani na godoro, Jelagat alimshika Ciru kiunoni akamburuta nyuma ya vyoo. Nyumba ilikuwa tayari inawaka.

Ciru alifikia kwenye mahema ya wakimbizi, uwanja wa maonyesho. Wiki kadhaa zikapita. Siku moja Jelagat alipomletea uji, Ciru akamshika nguo.

"Yale walisoma ni ya ukweli?"

Jelagat aliweka uji chini. "Yaliyo kwa kadi ya Wanjohi sitayasema, Ciru. Hata sasa. Lakini kuna muuguzi kwa hema ile pale. Twende upimwe. Nitakaa na wewe."

"Umeshanijibu."

"Twende tu."

Walikwenda wameshikana mikono. Ciru alipatikana na virusi, akaanzishiwa dawa siku hiyo hiyo.

Jelagat aliandikisha ushahidi dhidi ya Dennis. Kesi haikufika mbali; mashahidi wengine walikuwa wametawanyika au wanaogopa. Dennis akarudi nyumbani, na Jelagat ndiye aliyekatazwa kwao. "Umeuza damu yako," mama yake alimwambia kwa simu. Hata mazishi ya shangazi yake hakuhudhuria.

Kuchoma kadi nako kulikuwa na hasara. Mzee Kabiru, mgonjwa wa kifafa, alikufa mahemani akiwa hawezi kueleza dawa zake, na Jelagat hakuwahi kujitetea kwa hilo.

Oketch alifungua zahanati nyingine mjini, sikio moja likiwa halisikii. Jelagat alikubali kurudi kwa sharti moja: faili ya ugonjwa iwe na nambari tu, na majina yafungiwe mbali. Kampeni za 2013 zilipoanza, mtu mmoja mwenye suti alikuja akitabasamu, akaomba namba za simu za wagonjwa, ati mgombea wake awatumie salamu. Jelagat alimshika kola akamtoa hadi barabarani, mbele ya wagonjwa wote.

Ciru alihamia Ol Kalou, akaanza kushona sweta za shule. Hupiga simu mara kwa mara. Wao huongea juu ya mvua, bei ya viazi na watoto wa majirani. Jina la Wanjohi hulitaja Ciru mwenyewe, siku anazotaka, na Jelagat husikiliza.