Gunia la Shukrani kwa Ulimwengu wa Kutunga

Jamani, nimeaibika. Niko likizo nyumbani Ifakara na utafiti wangu wa nishati ya giza, ile inayozidi kuutanua ulimwengu. Kwa kupima umbali wa nyota zilizolipuka, natafuta namba moja: uwiano wa shinikizo la nishati hiyo na msongamano wake. Ikiwa hasi moja kamili, kama wengi wanavyoamini, nishati hiyo haififii kamwe; ikiwa tofauti, ni ugunduzi mkubwa.

Juzi kompyuta ikanipa namba tofauti. Nilipiga kelele mpaka kuku wakatawanyika. Jumapili mama akapeleka gunia la mpunga kanisani kushukuru, na padri akatangaza ugunduzi wangu parokia nzima.

Mchana majirani wakiwa kwetu wanakula wali na kuku wale wale, nikampigia msimamizi wangu wa chuoni, nikaweka spika ili wote wasikie sifa zangu.

“Hujabadilisha faili,” akasema. “Hizo ni data za majaribio tu, za kutunga. Namba hiyo niliipanda mwenyewe, nione kama hesabu zako zitaigundua. Na zimeigundua! Sasa weka data za kweli.”

Nikanyoosha mkono kuzima spika. Mama akaisogelea simu.

“Mwalimu, hiyo ya kweli ikipatikana tuambie mapema. Mpunga bado upo.”